Kuchuja Si Kuangamiza

Wanaonijua wameshaanza kucheka. Chekeni, swali langu ni lilelile: floridi, yaani florini iliyokwisha kung'olewa kutoka kwenye kaboni, iko wapi?

Mtu anatuonesha grafu. Maji yaliingia na PFOS, ile kemikali sugu ya kaboni na florini isiyooza, yakatoka safi, asilimia 99 imeondoka. Imeondoka kwenda wapi? Imenasa kwenye mkaa amilifu, ule wa kuchujia maji. Vyema. Mkaa ukishiba unaupeleka wapi? Jaani. Mvua inanyesha, maji yanachuruzika kutoka jaani na PFOS ileile, yanaingia kwenye mtambo wa majitaka unaotegemea bakteria, nao PFOS hawaiwezi. Nyingine inapita mtoni, nyingine inabaki kwenye tope, na tope linamwagwa shambani. Tumesafisha nini hapo? Tumehamisha tu!

Utaniambia tuuchome. Kwa joto gani, kwa muda gani? Kuvunja kifungo cha kaboni na florini kunadai takriban kilojuli 485 kwa moli. Moto ukiwa hafifu, molekuli ndefu inakatika vipande vinavyopanda na moshi, na kipimo chako, kilichokuwa kikitafuta PFOS peke yake, kinasema hakuna kitu. Ndiyo maana nadai hesabu. Molekuli moja ya PFOS ina atomi 17 za florini. Nioneshe zote 17 zimegeuka floridi, ndipo tupige makofi.

Sisemi mkaa hauna kazi, msinisingizie. Marekani iliweka kikomo cha nanogramu 4 kwa lita mwaka 2024, kwa PFOS na kwa binamu yake PFOA, kila moja kivyake, na hufiki huko bila mkaa, resini au utando. Lakini huko ni kukusanya, ili tuharibu kiasi kidogo badala ya mto mzima. Kuharibu kwenyewe bado.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Haraka basi: maji yaliyopita nyuzi 374 chini ya mgandamizo mkubwa, yakitiwa oksijeni, huvunja hata PFOS, ila asidi inayotoka inakula chuma cha mtambo. Umeme kwenye elektrodi za almasi yenye boroni unafaa pia. Maji yakiwa na chumvi, pimeni perikloreti, sumu inayoweza kuzaliwa kutokana na chumvi hiyo. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walivunja jamaa za PFOA kwa soda kali na kiyeyushi, nyuzi 80 hadi 120 tu. Kazi nzuri, lakini PFOS haikutikisika.

Plazma, udongo, povu la kuzimia moto: slaidi ninazo, muda sina. Maswali?