Kura ya Hapana ya Ireland: Je, Wananchi Hawakuelewa?

Ndugu mwenyekiti, ndugu wanafunzi, ahsanteni kwa kunialika. Mmeniomba nizungumzie kura za maoni kuhusu Umoja wa Ulaya, na kwa muda tulionao siwezi kuzipitia zote. Nitakaa zaidi Ireland, maana kule serikali ilishindwa, ikarudi kwa watu walewale, na mkataba uleule.

Mwaka 1987 mchumi mmoja, Raymond Crotty, aliishitaki serikali yake kwa kutaka kuridhia mkataba wa Ulaya bila kuwauliza wananchi, akashinda katika Mahakama ya Juu. Tangu hapo mikataba mikubwa ya Ulaya imekuwa ikipelekwa kwa wananchi kwanza. Ndiyo maana mwaka 2008, Umoja ulipokuwa na nchi 27, ni Ireland peke yake iliyoupigia kura ya maoni Mkataba wa Lisbon, ule wa kubadili namna Umoja unavyoendeshwa. Kwingineko wabunge walimaliza kazi.

Sasa huo mkataba ulikuwaje? Haukuwa waraka mtu anaweza kuufungua akaufuata. Ulikuwa unarekebisha mikataba miwili ya zamani: katika ibara fulani futa maneno haya, weka yale. Usipokuwa na ile miwili pembeni, huambulii kitu. Waziri Mkuu Brian Cowen, aliyekuwa akiwaomba watu wauunge mkono, alikiri kwamba hajausoma wote toka mwanzo hadi mwisho. Charlie McCreevy, kamishna wa Ireland kule Brussels, yaani mjumbe wake katika Tume inayoendesha shughuli za Umoja, naye alisema hajausoma wote, na kwamba hatarajii mtu mwenye akili timamu ausome.

Ukiletewa fomu ya mkopo na aliyekuletea anakuambia hata yeye hajaisoma, ukigoma kutia sahihi nani atakuita mjinga?

Waliopinga walilikamata hilo. Kaulimbiu yao ilikuwa fupi: kama hujui, piga Hapana. Tarehe 12 Juni 2008, watu 862,000 na ushei walikataa, asilimia 53.4 ya kura. Watafiti walipowauliza sababu, jibu lililotajwa zaidi ya mengine lilikuwa kwamba hawakuwa na taarifa za kutosha.

Wengi wetu hapa ndipo tunapokimbilia kusema: basi, walichanganyikiwa, wangeelimishwa wangekubali. Mimi sikubaliani. Uvumi ulikuwepo, na mwingine ulikuwa uongo mtupu, kama ule wa vijana wa Ireland kuburutwa kwenye jeshi la Ulaya. Lakini lipo jambo ambalo wapingaji walilisema na lilikuwa kweli: idadi ya makamishna ingepunguzwa, na kwa zamu kila nchi ingekaa miaka mitano bila mtu wake mezani. Na baada ya kura ile, viongozi wa Ulaya waliahidi kwamba kila nchi itabaki na kamishna wake. Kwa hiyo Hapana ya watu “wasioelewa” ilileta kitu ambacho wanadiplomasia wao hawakukipata katika miaka yote ya mazungumzo.

Kura ikarudiwa Oktoba 2, 2009. Ireland ilipewa ahadi za maandishi kuhusu kodi, kutofungamana kijeshi na utoaji mimba. Mkataba wenyewe haukubadilishwa hata nukta. Safari hii Ndiyo ilipata asilimia 67.1. Katikati hapo benki zilikuwa zimeyumba na ajira zimepotea, na nchi ndogo iliyojaa hofu haitaki kubaki nje ya nyumba ya wakubwa. Kuelimika kulichangia, sibishi, ila woga wa uchumi nadhani ulifanya kazi kubwa kuliko vipeperushi vyote.

Anayeshikilia kwamba tatizo ni uelewa tu, aniambie kuhusu Ufaransa. Mwaka 2005 serikali iliwatumia wapigakura andiko la Katiba ya Ulaya, katiba iliyopendekezwa kwa Umoja mzima, hadi majumbani. Watu walilijadili kazini, mikahawani, hadi familia kugombana. Karibu asilimia 70 walijitokeza, na takriban asilimia 55 wakasema Hapana. Siku tatu baadaye Waholanzi nao wakakataa, kwa asilimia 61.5.

Na huo Mkataba wa Lisbon ulitoka wapi, kama si kwenye kifusi cha katiba ile? Valéry Giscard d'Estaing, aliyeongoza kuiandika, alieleza gazetini mwaka 2007 kwamba yaliyomo yalikuwa karibu yaleyale, yamepangwa upya tu. Andiko lililoweza kusomwa lilikataliwa, likaja lisilosomeka.

Februari 2008 wabunge na maseneta wa Ufaransa walikutana Versailles wakafungua njia ya kuliridhia. Uholanzi pia ilipitisha bungeni. Safari hii wapigakura wa nchi hizo mbili hawakuulizwa.