Kwa nini asiye na gari alipie maegesho?

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo nazungumzia maegesho ya magari. Wapo watakaosema, sasa hilo nalo la kufanyia video? Nawaomba mnisikilize, maana hapa California jambo hili linagusa kodi ya nyumba, na kodi ndiyo inayowakosesha usingizi watu wengi ninaowafahamu huku.

Kwa miaka mingi miji ya Marekani imekuwa na sharti: ukijenga nyumba za kupangisha, kila nyumba uitengee nafasi ya gari moja, pengine mbili. Mji wa Columbus, Ohio, uliweka sharti hilo kwa majengo ya ghorofa tangu 1923. Na mara nyingi hakuna aliyejali kama jengo linatazamana na stesheni ya treni.

Nafasi moja inakula nini? Chukua gari lenyewe, ongeza njia ya kupita na mahali pa kukatia kona, unafika mita za mraba 30 hivi. Hapo mtu mmoja anaishi, na jiko na bafu ndani. Ukilazimika kuchimba chini ya jengo, nafasi moja inamaliza makumi ya maelfu ya dola, na fedha hizo mwenye jengo atazitafuta kwa mpangaji.

Jengo ninaloishi lina maegesho chini. Shuka usiku, saa ambayo watu wamesharudi kutoka kazini: utakuta mistari myeupe na namba sakafuni, safu nzima, na juu yake hakuna gari. Nyingine zimetanda vumbi, hata alama ya tairi huioni. Mojawapo ni yangu. Sina gari, natembea kwa miguu hadi kwenye treni, lakini kwenye mkataba nafasi imefungwa pamoja na nyumba. Huwezi kusema ichukueni, mnipunguzie. Jirani yangu, mama anayefanya usafi maofisini alfajiri, naye hana gari, naye analipa. Hili linaniuma sana, jamani. Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), aliyefariki 2025, alilipigia kelele miaka na miaka: maegesho ya bure hayapo, gharama yake imefichwa tu, na asiyeyatumia anachangia.

Septemba 2022 Gavana wa California, Gavin Newsom, alisaini sheria inayoitwa AB 2097, ikaanza kutumika Januari 2023. Ndani ya nusu maili, kama mita 800, kutoka stesheni ya treni au makutano ya mabasi yanayopita mara kwa mara, mji hauwezi tena kumlazimisha mjenzi kuweka maegesho, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa na sheria yenyewe. Hapa ndipo watu wanapopotoshana: sheria haijapiga marufuku maegesho. Mjenzi akiona wateja wake wana magari, ajenge. Kilichoondoka ni lazima. Masharti ya nafasi za watu wenye ulemavu hayakuguswa.

Wanaopinga wana hoja, na siwabezi. Wanasema magari yatajazana mitaani. Yanaweza, na mji usiposimamia vibali vya kuegesha barabarani, majirani watagombana. Wanasema pia fundi mwenye vifaa vizito hawezi kupanda navyo basi, na muuguzi anayetoka zamu saa nane usiku hakuti treni. Ni kweli kabisa. Kituo kinachohesabiwa kwenye ramani hakimsaidii mtu kama basi limepunguziwa safari, kwa hiyo anayetetea sheria hii atetee na bajeti ya mabasi.

Hoja iliyonifikirisha zaidi ilitoka kwa watetezi wa nyumba za bei nafuu, Los Angeles hasa. Zamani mji ulikuwa unamwambia mjenzi: weka nyumba kadhaa za watu wa kipato cha chini, nasi tutakupunguzia maegesho. Ukimpa punguzo hilo bure, utamshawishi kwa kitu gani? Mimi naona avutwe kwa ghorofa za ziada au kibali cha haraka. Kuendelea kumbebesha kila mpangaji gharama ya zege ili tupate cha kubadilishana na mjenzi, hapana, siafiki.

Na ushahidi upo hapohapo Los Angeles. Mwaka 1999 mji uliruhusu ofisi na mabenki ya zamani ya katikati ya mji yageuzwe makazi bila kudai maegesho mapya. Majengo yaliyokuwa yamekaa tupu yakapata watu. Maegesho hayakutoweka, wajenzi wengi walitafuta nafasi kwenye majengo ya jirani.

Kuna sheria nyingine siisikii ikisemwa sana, AB 1317 ya 2023. Katika baadhi ya kaunti, Los Angeles ikiwemo, majengo mapya yenye nyumba 16 au zaidi, yaliyoruhusiwa kukaliwa kuanzia 2025, lazima yatenganishe bei ya nyumba na bei ya maegesho. Huna gari, hulipii. Jengo letu ni la zamani, halimo. Nataka sheria hiyo ifike na kwetu, na kikao cha halmashauri kitakapofunguliwa kwa maoni ya wananchi, nitasimama niseme hivyo. Mliopo California, fungueni mikataba yenu leo, kisha mniandikie hapo chini inasemaje kuhusu nafasi ya gari.