Mtandao Hauahidi Kufikisha

Ndugu wanafunzi, walimu wenu, na wakazi wa Mwanza mliofika jioni hii hapa Nyamagana, nawashukuru kwa mapokezi. Nimeombwa kueleza misingi ya mitandao ya kompyuta na mawasiliano, na kwa kuwa mada hii ni pana mno kwa muda tulio nao, nimechagua jambo moja ambalo naliona kuwa mzizi wa mengine: kwamba mtandao wenyewe, yaani nyaya, minara na ruta (vifaa vinavyoelekeza data njiani) zilizo kati yako na unayewasiliana naye, hauahidi kufikisha ujumbe wako. Kazi ya kuhakikisha kwamba umefika hufanywa na kompyuta mbili zilizo kwenye ncha.

Simu za zamani hazikuwa hivyo. Mtu wa Mwanza alipompigia mtu wa Dar es Salaam, mitambo ya njiani ilimtengea njia moja tangu mwanzo hadi mwisho, na njia hiyo ilibaki yao wawili hata walipokaa kimya. Kwa sauti utaratibu huo ulifaa. Kwa kompyuta, ambazo hutuma data kwa mkupuo kisha zikanyamaza, ulikuwa upotevu mkubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Paul Baran nchini Marekani, na mwaka 1965 Donald Davies nchini Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walifikia wazo lilelile: ujumbe ukatwe vipande vidogo, ambavyo Davies ndiye aliyeviita pakiti, kila kipande kibebe anwani ya kinakokwenda, na njia itumiwe na wote kwa zamu.

Chukulieni kwamba mnapeleka kitabu kizima Nansio, kisiwani Ukerewe, karatasi moja katika kila bahasha. Bahasha nyingine zitapanda meli hapa Mwanza, nyingine zitazunguka kwa barabara ya Bunda hadi Kisorya na kuvuka kwa kivuko hadi Rugezi. Ukurasa wa 40 unaweza kuutangulia ukurasa wa 12, na mmoja unaweza kupotea njiani. Lakini kwa kuwa kila karatasi ina namba, mpokeaji atazipanga upya na ataona ni ipi isiyofika. Ruta nayo husoma anwani tu. Haijui kama imebeba picha ya harusi au hesabu za benki, haihitaji kuikumbuka pakiti iliyopita, na foleni yake ikijaa huitupa pakiti inayofuata, mara nyingi bila kumwarifu yeyote.

Kinachoziba pengo hilo ni itifaki, yaani makubaliano ya namna ya kuzungumza. Vint Cerf na Bob Kahn walichapisha msingi wa itifaki tunayoiita TCP mwaka 1974, na tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET, uliotangulia Intaneti, ukahamia rasmi kwenye TCP/IP, yaani TCP pamoja na IP, itifaki ya anwani za pakiti. Mpokeaji hurudisha uthibitisho wa kile alichokipata. Mtumaji akiukosa kwa muda fulani, hutuma tena.

Hapa ndipo pana jambo ambalo naomba mlishike kwa uzito. Mwezi Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho Berkeley, sehemu zilizotengana kwa yadi 400 tu, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Hakuna waya uliokatika. Kompyuta zilikosa uthibitisho kwa sababu foleni zilikuwa ndefu, zikatuma tena, na kwa kutuma tena zikazidi kuzirefusha foleni zilezile. Mwaka 1988 Van Jacobson alichapisha dawa yake: mtumaji aanze polepole, aongeze kadiri uthibitisho unavyorudi, na pakiti ikipotea aichukue kuwa dalili ya msongamano na apunguze kasi yake mwenyewe. Nawaambieni kwa dhati kwamba sijui utaratibu mwingine wa kiufundi unaonivutia kuliko huu, ambamo mamilioni ya mashine yasiyofahamiana hugawana njia moja kwa sababu kila moja hukubali kujizuia.

Wengi wetu huupima mtandao kwa megabiti peke yake, ilhali muda wa kwenda na kurudi una uzito uleule. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za mkongo, yaani kebo ya nyuzi hizo, hugharimu milisekunde 10 kwenda na kurudi. Setilaiti ya mkao wa kudumu, inayoonekana kusimama mahali pamoja angani, iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali na jibu vikipitia huko, karibu nusu sekunde huisha angani, na ndivyo sehemu kubwa ya mawasiliano yetu na nchi za nje yalivyokuwa kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009.

Atakaye kuona haya kwa macho yake aandike amri ya ping, inayopima muda wa kwenda na kurudi, kwenye kompyuta ya ofisini, kisha mwenzake aanze kupandisha video kubwa kwa laini ileile. Namba zinaweza kupanda kutoka makumi ya milisekunde hadi mamia, na anayezungumza kwa simu ya mtandao ataanza kukatikakatika. Mara nyingi chanzo ni ruta yenye kumbukumbu kubwa kupita kiasi, inayozihifadhi pakiti kwenye foleni badala ya kuzitupa, hivyo mtumaji haoni dalili ya msongamano na hapunguzi mwendo. Kununua kifurushi kikubwa zaidi si lazima kuondoe tatizo hilo. Ingieni kwenye mipangilio ya ruta, mpunguze kikomo cha kupandisha data kiwe chini kidogo ya kasi halisi ya laini, kisha mrudie ping video ikiwa bado inapanda.