Gita la Ridhim Lilikuwepo Muda Wote

Habari za jioni jamani. Wakubwa zangu shikamooni, vijana mambo vipi. Nimeombwa niongelee safari yangu kwenye haya mambo ya eafoni na hedifoni, na nitaongea hivihivi ninavyoongea kila siku maana hiki ni kitu ninachokipenda kweli.

Mi nimekulia kwenye nyumba ya muziki wa dansi. Mzee alikuwa na kaseti za bendi ya Msondo tangu enzi inaitwa JUWATA, za bendi ya Sikinde, na za Wakongo usiseme. Sasa ule muziki kama unaujua vizuri umejaa magita, kuna solo, kuna sekondi solo, kuna ridhim linaloshika mdundo, kuna besi, Wakongo nao wana lile gita wanaloliita mi-solo linalokaa katikati ya solo na ridhim, na kila gita lina kazi yake, halafu juu yake kuna matarumbeta, tumba, drams na waimbaji watatu au wanne. Ni vitu vingi vinaongea kwa wakati mmoja. Kwa miaka mingi mi nilikuwa nasikia solo, sauti na mdundo basi, hayo mengine nilikuwa nayasikia kama uji, unajua kuna kitu lakini huwezi kukishika.

Nikapitia njia ambayo wengi humu mmepitia. Eafoni zilizokuja na simu, zikafa upande mmoja pale waya unapokunjika karibu na jeki, nikashuka Kariakoo kuchukua zile ambazo kwenye boksi wameandika besi kubwa, na kweli besi ilikuwepo, mpaka taya inatetemeka. Nilizipenda sana kwa bongofleva. Lakini nikiweka dansi wimbo unakuwa mzito, unavimba, na nilikuwa naamini kabisa kuwa ni rekodi za zamani ndo ziko hivyo.

Kilichobadilisha mambo ni jamaa yangu mmoja fundi mitambo wa studio. Alinipa eafoni zake za waya, zile za kuziba sikio, za Kichina, wala sio za bei, akaniambia weka wimbo unaoujua kwa moyo. Nikaweka dansi. Jamani, gita la ridhim lilikuwa pale kuanzia mwanzo mpaka mwisho! Yule mtu anachapa nyuzi dakika nane hapumziki, na mkono wake unausikia kabisa, ukishuka, ukipanda, ukiziba nyuzi kidogo ili mlio ukatike. Wimbo niliousikia tangu mtoto, na mtu mzima mzima alikuwa amejificha mle ndani.

Kwa nini ilitokea vile? Nilienda kutafuta jibu na ndo hapo nilipozama moja kwa moja. Iko hivi. Gita la besi uzi wake wa chini kabisa unalia kwenye Hz 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, gita la kawaida uzi wake mnene unaanzia Hz 82, na sauti ya mwanaume akiongea iko kwenye mia na kitu. Yaani wote hao ni majirani. Sasa eafoni ikitunishwa besi halafu lile tunisho likamwagika kwenda juu mpaka Hz 200, 300 huko, inawafunika hao majirani wote, ridhim inazama, sauti ya mwimbaji inakuwa kama ana mafua. Na kwenye rekodi nyingi za zamani za dansi kuna tatizo la ziada, zile ni mono, sikio la kulia na la kushoto vinapata kitu kilekile. Muziki wa sasa wa stereo unaweza kuweka gita kushoto na kinanda kulia, ukavitofautisha hata kwa eafoni ya ovyo, ila mono kila kitu kinakaa katikati ya kichwa, kwa hiyo kinachokutenganishia vyombo ni ule ulinganifu wa sauti tu, chini, kati na juu, huna msaada mwingine. Ndo maana nasema dansi ya zamani ni mtihani mzuri sana wa eafoni kuliko nyimbo wanazotumia Wazungu kwenye majaribio yao.

Sasa kuhusu bei, maana najua ndo mnachosubiri. Mwaka 2017 mtafiti mmoja anaitwa Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya eafoni na hedifoni 283, akalinganisha ulinganifu wa sauti na bei ya dukani, hakukuta uhusiano. Hakuna. Na mi kwa masikio yangu naamini hivyo hivyo. Mwaka 2022 zilitoka eafoni mbili, Moondrop Chu na 7Hz Salnotes Zero, zote za kama dola 20, na ni vitu ambavyo ningempa mtu yeyote anayeanza bila wasiwasi. Bei inakununulia vitu vingine, waya imara, bodi ya chuma, muonekano, na ndiyo, wakati mwingine sauti nzuri zaidi, lakini usitoe laki tano ukidhani laki tano yenyewe ndo sauti.

Kitu ambacho watu wanakidharau na kinaniuma ni ile mipira ya mbele. Eafoni za kuziba sikio besi yake inategemea hewa iliyofungiwa kati ya ile spika ndogo na ngoma ya sikio, hewa ikivuja kidogo tu besi inakimbia, inabaki milio ya juu inachoma. Boksi linakuja na saizi tatu, ndogo, kati, kubwa, na watu wanaacha ile ya kati iliyokuja imevalishwa. Mi sikio langu la kushoto ni pana kuliko la kulia, kwa hiyo kulia navaa ya kati, kushoto kubwa. Navuta ncha ya sikio juu kidogo kwa mkono mwingine, naingiza, naachia, nasubiri kidogo mpira utulie. Ukifungua mdomo na besi ikapotea ujue bado. Nimeona watu wanauza eafoni nzuri kwa hasara kumbe tatizo ni mpira.

Hedifoni kubwa nazo nimepita huko. Kampuni ya Sennheiser ndio walianza zile za mgongo wazi, yaani nyuma ya spika hazijazibwa, mwaka 1968 na HD 414, na HD 600 yao ya 1997 mpaka leo watu wanaitaja. Nimekaa nayo. Ni nzuri mno, sauti ya binadamu inatoka kama mtu yupo chumbani. Ila ina omu 300, yaani upinzani mkubwa wa umeme, simu nyingi zinaisukuma kwa tabu, unahitaji amplifaya. Halafu mgongo wazi maana yake kila kitu kinaingia, na sisi Dar tunaishi madirisha wazi, feni inazunguka, bodaboda inapita, jirani kawasha jenereta, basi umebeba chombo cha hela nyingi ukisikiliza feni. Hicho ni chombo cha saa nane za usiku au cha watu wenye vyumba vya kimya. Kwa mazingira yetu eafoni ya kuziba inashinda, hilo nitalisema popote. Na jasho letu hili na unyevu wa pwani, zikaushe kwa kitambaa, uzihifadhi kwenye kikopo pamoja na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Na hapa niwaombe vijana wa daladala. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80, hicho ni kipimo cha ukubwa wa sauti, usizidishe saa 40 kwa wiki, ikifika 90 ni saa 4 tu. Kwa wiki nzima! Na mtu akiwa kwenye gari kelele anapandisha ili aizidi injini na konda, anafika huko bila kujua. Eafoni inayoziba vizuri inapunguza kelele za nje, kwa hiyo unasikia kila kitu kwa sauti ndogo. Masikio yakishaharibika hivyo hayarudi, na hakuna ridhim tena.

Haya, pale mezani nimeweka aina nne za eafoni, mipira ya kila saizi na spiriti ya kufutia, na vile vikebo vifupi vya USB-C kwa ambao simu zao hazina tundu la jeki. Tumia simu yako, wimbo wako unaoujua, na nitakuwa nasawazisha volyumu mimi mwenyewe kabla hujabadilisha, kwa sababu kinacholia kwa nguvu zaidi sikio huwa linakiona kizuri zaidi hata kama sio kizuri, na wauza duka wanalijua hilo. Aliye na dansi kwenye simu aanze yeye.