Bab Zuwayla: Lango la Kusini la Kairo

Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumze juu ya ngome, nami nitasimama langoni tu: Bab Zuwayla, lango la kusini la Kairo ya kale, lililojengwa mwaka 1092.

Kuta za kwanza za mji huo, zilizoanzishwa mwaka 969 na Wafatimiya, nasaba ya Kishia iliyotawala Misri, zilikuwa za matofali ya udongo. Badr al-Jamali, waziri mwenye asili ya Kiarmenia, alizijenga upya kwa mawe, na hapa kusini akasimamisha minara miwili yenye uso wa mviringo, mizito na imara kuanzia chini.

Hata hivyo, umaarufu wa lango hili haukutokana na kuzuia adui. Mji ulipotanuka na kuvuka ukuta, lango lilibaki katikati ya masoko, penye watu wengi, na watawala wakaona hapo ndipo pa kutolea funzo. Mwaka 1260 Sultani Qutuz alitundika hapo vichwa vya wajumbe wa Wamongolia. Mwaka 1517, Waosmani walipoiteka Misri, Tuman Bay, sultani wa mwisho wa Wamamluki, watawala wa Misri waliotokana na askari watumwa, alinyongwa papo hapo. Ibn Iyas, mwanahistoria wa Kairo aliyeishi zama hizo, anasimulia kwamba aliwaomba watu wamsomee Fatiha mara tatu, na kwamba kamba ilikatika mara mbili kabla hajafa.

Kati ya matukio hayo mawili kuna kisa kinachonivutia zaidi. Al-Mu'ayyad Shaykh, akiwa bado amiri, alifungwa katika gereza lililopakana na lango, akasumbuliwa mno na chawa na viroboto, akaweka nadhiri kwamba akipata utawala atalivunja gereza hilo na kujenga msikiti mahali pake. Alipata, akatimiza. Ujenzi ulianza mwaka 1415, na mafundi wake, badala ya kuchimba msingi mpya wa minara ya adhana, waliipandisha juu ya minara ya Badr al-Jamali, ambayo ilikwisha kustahimili zaidi ya miaka 300.

Mabawa ya mlango nayo yalipata kazi yake. Wenye maumivu ya kichwa au ya jino waliamini kwamba nyuma yake anakaa walii aitwaye Mutawalli, hivyo wakapigilia misumari kwenye mbao, na waliong'oka meno wakayachomeka humo humo, penye nyufa.