Moja jumlisha nne: baraza la mawaziri lililogawana viti, likasahau jeshi

Ndugu zangu wa Bukavu, Uvira, Goma na Bunia, nanyi mnaonitazama kutoka Lubumbashi, habari zenu? Niko hapa Matonge, Brussels, baridi inauma. Jana dada mmoja wa Kadutu ameniandikia: "Kaka, mazungumzo ya amani ya Congo yetu yakifaulu, safari hii nani atapewa wizara gani?" Swali hilo limeninyima usingizi. Nimelisikia tangu utotoni.

Turudi 2003. Mkataba wa kumaliza vita vya Congo na kugawana madaraka ulikuwa umetiwa saini Pretoria, Afrika Kusini, tarehe 17 Desemba 2002, ukakamilishwa Sun City, huko huko, Aprili iliyofuata. Tarehe 30 Juni, sikukuu yetu ya uhuru, serikali ya mpito ikatangazwa. Siku hizo mama alikuwa anaanika betri za redio juani ili zipate nguvu kidogo, jioni tunajibana wote kusikiliza Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa, tusikie majina.

Joseph Kabila alibaki rais. Chini yake makamu wanne, kila mmoja na eneo lake: Yerodia Ndombasi wa upande wa serikali (ujenzi mpya na maendeleo), Jean-Pierre Bemba wa waasi wa MLC (uchumi na fedha), Azarias Ruberwa wa waasi wa RCD-Goma (siasa, ulinzi na usalama), na Arthur Z'ahidi Ngoma wa upinzani usio na silaha (mambo ya jamii na utamaduni). Halafu mawaziri 36 na manaibu 25. Hata Mai-Mai, wanamgambo wa vijijini, walipata viti. Mbusa Nyamwisi, aliyekuwa na askari wake huko Beni, akapewa ushirikiano wa kikanda. Étienne Tshisekedi, mzee aliyepambana na Mobutu bila bunduki hata moja, akabaki nje na chama chake cha UDPS. Hilo linaniuma mpaka leo: aliyeshika silaha alihesabiwa kwanza.

Rais mmoja na makamu wanne: Kinshasa watu wakawa wanasema moja jumlisha nne ni sawa na sifuri. Mimi sikubali moja kwa moja. Serikali ile iliifikisha nchi kwenye kura ya maoni ya katiba Desemba 2005, na uchaguzi wa 30 Julai 2006. Bibi yangu alipiga kura kwa mara ya kwanza akijua kuna zaidi ya jina moja. Si kitu kidogo.

Lakini jeshi, jamani! Wizara ya Ulinzi ilikwenda kwa Jean-Pierre Ondekane wa RCD-Goma, mkuu wa majeshi akatoka upande wa Kabila. Juu walichanganywa. Huku chini kila kikosi kiliendelea kumsikiliza bwana wake wa zamani. Juni 2004 Kanali Mutebutsi, afisa aliyetoka RCD-Goma, alikuwa amemgeuka mkubwa wake hapo hapo Bukavu, na Nkunda, mwenzake wa RCD-Goma, akashuka na askari wake kutoka upande wa Goma. Mji ukaanguka.

Sisi tulikuwa chini ya kitanda, watoto wanne na mfuko wa unga wa muhogo. Kabla hatujajificha mama alizitoa betri redioni akazifunga kwenye pindo la kitenge, zisiibwe. Nje milio haikatiki. Akaninong'oneza: "Wote hawa si wako serikalini? Sasa hawa wanaopiga ni jeshi la nani?"

Dada yangu wa Kadutu, orodha ya mawaziri nitakusomea siku itakapotoka. Ila kabla yake nitatafuta kurasa za jeshi ndani ya mkataba: nani anaamuru, nani analipa mishahara, na kikosi gani kinahamishwa kutoka wapi.