Injini ya ndege inapozeeka

Jambo wapapa, wamama, na ninyi vijana wa ufundi.

Watu wengi hapa Lubumbashi hudhani injini ya ndege ikichakaa hupungukiwa nguvu, kama lori linalohema mlimani. Sivyo. Rubani anayeruka kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege, huupata msukumo anaoutaka hata injini ikiwa mzee, maana kompyuta huongeza mafuta mpaka feni ifikie kasi iliyoagizwa. Uzee unajionyesha penginepo: mafuta yanaliwa zaidi, na gesi inayotoka nyuma inazidi kuwa moto.

Kwa nini? Kwenye kompresa, sehemu inayokandamiza hewa, mapanga (vile vyuma bapa vinavyozunguka) hushika uchafu na kuliwa na mchanga hadi umbo lake linaharibika. Halafu kuna upenyo kati ya ncha za mapanga na ganda la injini, mdogo mno. Mapanga yakilisugua ganda, upenyo unapanuka na hewa inavuja bila kufanya kazi. Turbini, sehemu inayozungushwa na gesi ya moto, ndiyo inayoteseka zaidi. Katika injini za kisasa, gesi inayofika pale ina joto linalopita kiwango cha kuyeyusha aloi ya nikeli, yaani mchanganyiko wa metali, ya mapanga yenyewe! Yanaokolewa na hewa inayopita ndani yake na kutokea kwenye vitundu vidogo. Vumbi la kiangazi chetu likiingia, huweza kuyeyuka na kuziba vitundu hivyo.

Kila injini ina kikomo cha joto la gesi. Nafasi iliyobaki kufikia kikomo hicho wakati wa kuruka siku ya joto, mimi naiita akiba. Injini ikiwa mpya, akiba hushuka haraka, kisha polepole. Kuiosha kompresa kwa maji hurudisha digrii chache. Ncha zilizolika hazirudi. Akiba ikiisha, injini inashushwa kutoka kwenye ndege ikatengenezwe.

Sasa fikirieni Luano, mita 1,300 hivi juu ya bahari, Oktoba, saa nane mchana: joto la namna hiyo ndilo linaloibana akiba. Ndege ikiwa nyepesi, rubani huidanganya kompyuta kwamba nje kuna joto kuliko lilivyo, ili itoe msukumo mdogo na kuilinda turbini. Udanganyifu huo umeandikwa kwenye vitabu vya kazi, msiogope.

Fundi hulinganisha joto la injini mbili za ndege moja, safari kwa safari. Likipanda taratibu, ni uzee. Moja ikiruka ghafla digrii kumi na mwenzake imetulia, hapo atafute valvu iliyokwama, kipimo kibovu, au panga lililopigwa na ndege wa manyoya.

Haya, maswali.